Kicheko cha Magendo

Ilikuwepo nchi moja, na kama haikuwepo msinipeleke mahakamani, iitwayo Shwari. Ilikuwa nchi njema kupita kiasi. Barabara zake zilikuwa na mashimo, lakini mashimo yenyewe yalikuwa ya hadhi, kwani kila moja lilizinduliwa na kiongozi kwa kukata utepe. Wananchi wake walikuwa watulivu, wakila walichopata na kusahau walichokosa. Wala sisemi haya kwa ubaya, kwani mimi si mtu wa maneno.

Katika nchi hiyo, mtaa wa Mchicha, aliishi Bi Sihaba, mshona mito ya sufi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mwili wa haja na ulimi usiojua kupumzika. Yeye alikuwa mtu wa Kilimani. Hapo zamani watu wa Kilimani na watu wa Bondeni walipigana vita mpaka wakachoka, na walipochoka wakapatana kiungwana: tangu siku ile wasichomane tena kwa mikuki, wachomane kwa maneno tu. Wakawa watani. Mtani atakutukana mbele za watu nawe ucheke. Ataingia jikoni kwako apakue bila kukaribishwa. Na siku ukifa, yeye ndiye atakayekuja msibani kuvaa nguo zako na kuigiza mwendo wako, kisha alale kaburini mwako na kugoma kutoka mpaka wafiwa wampe chochote. Anayekasirika ndiye mwenye kosa. Wafiwa hucheka huku machozi yanawatoka, na hapo ndipo msiba huanza kupoa.

Mtani mkubwa wa Bi Sihaba alikuwa Fundi Lugendo, kinyozi, mtu wa Bondeni, ambaye kibanda chake kilitazamana na kibaraza alichoshonea mito. Walikuwa wametukanana tangu ujana wao, na hapakuwa na asubuhi iliyopita bure.

"Kinyozi mwenye upara!" Bi Sihaba humwanza hata kabla hajatua mzigo wake. "Ni sawa na muuza chumvi anayekula mboga chapwa. Nani akuamini?"

"Wataniamini wale wanaoiamini mito yako," Lugendo hujibu bila kuinua macho kutoka kwenye kichwa cha mteja. "Sufi gani ile? Zile ni nywele ninazozifagia hapa. Mumeo alilalia mto wako mwezi mzima akidhani amelalia kichwa cha mtu. Ndiyo maana akatoroka."

Mteja hucheka mpaka wembe ukamkosakosa. Wapita njia husimama, nao wakacheka, wakaenda zao. Hakuna aliyelipa hata senti, na kutolipa huko ndiko kulikoleta balaa ninayotaka kuisimulia.

*

Mwaka mmoja, shirika fulani la kimataifa, lenye makao katika mji wa baridi ambako watu hupimapima vitu ili wapate joto, lilitoa orodha. Ilionyesha kila nchi, na katika kila nchi, kaya ya kawaida hutumia fungu gani la mapato yake kwa ajili ya burudani. Zilikuwepo nchi ambazo watu humwaga fedha kwenye sinema, muziki na michezo kama wanaomwagilia bustani. Zilikuwepo za wastani. Vishindo, nchi jirani inayoichukia Shwari kwa undugu kabisa, ilikuwa katikati na kifua mbele. Shwari ilikuwa ya mwisho. Ilikuwa chini hata ya kisiwa kimoja kilichokwisha kuzama baharini pamoja na kaya zake zote.

Aibu yenyewe ilimpata Mtukufu Rais katika mkutano wa mataifa, kwa sababu wageni walikuwa wamepangiwa viti kwa kufuata orodha hiyo. Kiti chake kilikuwa nje ya ukumbi, kando ya meza ya chai. Wajumbe waliotoka kupumua walimkabidhi vikombe vitupu, na mmoja akamwomba sukari. Mtukufu Rais alirudi nyumbani amevimba, akashukia moja kwa moja kwenye redio ya taifa.

"Ndugu wananchi, mmenivua nguo mbele ya mataifa!" alinguruma. "Nimepitia matumizi yenu. Mnanunua unga. Mnalipa kodi ya nyumba. Mnalipa karo. Kinachobaki mnakinunulia dawa! Mwenzenu wa Vishindo anatoa fedha yake kwenda kutazama watu wakirushiana mipira, ninyi mnaziba matumbo tu. Huu ni ubinafsi, na mimi sitauvumilia!"

Kijana mmoja mchumi alithubutu kuinua mkono katika kikao na kusema kwamba pengine watu wa Shwari hawanunui burudani kwa sababu, wakishanunua unga, hakibaki kitu. Alishukuriwa sana kwa mchango wake. Mpaka leo anaendelea kushukuriwa, katika wilaya moja ya mpakani isiyo na umeme.

Kazi ya kutafuta sababu ya kweli alipewa Mheshimiwa Makeke, Waziri wa Burudani na Heshima ya Taifa. Alikuwa mtu mfupi mwenye koti refu, na hakuwahi kusema neno moja pale ambapo manane yangetosha. Akapita mitaani na msafara wake, akafika Mchicha, akawakuta Bi Sihaba na Fundi Lugendo wamepamba moto na kundi la watu wanashika mbavu.

"Bei gani hii?" aliuliza Mheshimiwa.

"Bei ya nini, baba?" akauliza Bi Sihaba.

"Ya hicho wanachokicheka."

Lugendo akamtazama Bi Sihaba toka utosini hadi kwenye kandambili. "Huyu? Mheshimiwa, huyu hata bure ni ghali."

Watu wakaangua kicheko kingine, kikubwa kuliko cha kwanza. Mheshimiwa Makeke hakucheka. Aligeuka kuwatazama wasaidizi wake huku uso umemng'aa. "Mmeona? Mmesikia? Wananchi hawa hawakosi burudani! Wanaburudika mchana kweupe, bila risiti! Hii, ndugu zangu, ni biashara ya magendo!"

*

Sheria ya Kudhibiti Kicheko Kisicholipiwa ilipitishwa na Bunge kwa kauli moja, wabunge wakiwa na nyuso kavu ili wasije kuwa wa kwanza kuivunja. Kila kata ikapewa Afisa Burudani. Mchicha ikampata Bwana Tindwa, kijana mpole mwenye filimbi shingoni, ambaye kazi yake ilikuwa kuipuliza kila aonapo meno. Kutabasamu kuliruhusiwa kwa wenye kipato cha chini, alimradi midomo isiachane.

Utafiti wa wizara uligundua jambo la kutisha zaidi: vicheko vikubwa kuliko vyote nchini vilitoka misibani. Ikaamriwa kwamba kila msiba ni onyesho, na kila onyesho lina tiketi. Waombolezaji walilipa mlangoni. Wafiwa, kwa kuwa hukaa karibu na jeneza, walitozwa bei ya viti vya mbele.

Kisha serikali ikafungua Chuo cha Taifa cha Utani, kikatoa vijana waliovaa tai, Watani Daraja la Pili, wakapangiwa vituo kama makarani. Hapo ndipo wakubwa wa Shwari walipofanya kosa ambalo mtoto wa Shwari asingelifanya. Walidhani mtani ni mtu anayechekesha, basi. Hawakukumbuka kwamba mtani ni mtu aliyezaliwa mtani wako, na kwamba neno lile lile litokalo kwa mtani ni dawa, likitoka kwa mwingine ni tusi. Kijana wa kwanza alipelekwa kwenye msiba wa watu asio na utani nao wowote. Akasimama kichwani pa jeneza, akakunjua karatasi, akasoma: "Marehemu alikuwa mnene. Alikula sana. Cheka." Alitoka pale amebebwa, na wizara ikatoa taarifa kwamba hadhira ilisisimka.

Bwana Tindwa, kwa wema wake, alimshauri Bi Sihaba achukue leseni. "Mama, ni rahisi tu. Utaandika utani wako wote, utauleta ofisini wiki mbili kabla, unapitiwa, unapigwa muhuri."

"Wiki mbili kabla ya nini, mwanangu?"

"Kabla ya msiba."

"Na marehemu naye anakuwa amekwisha arifiwa?"

Bwana Tindwa akashika filimbi yake, kwa sababu alihisi meno yake mwenyewe yanataka kutoka.

*

Miezi ile ya filimbi Fundi Lugendo akaanza kukohoa. Kikohozi kikamshusha kutoka kibandani hadi kitandani, na watu wakajua hatashuka kitandani kwa miguu yake. Bi Sihaba alikwenda kumjulia hali amebeba mto mpya. Alipomwona alivyokwisha, mifupa mitupu chini ya shuka, moyo wake ulipasuka. Usoni hakuonyesha kitu.

"Nimekuletea mto," alisema. "Huu una sufi kweli. Nimeona nisimdhulumu mtu anayesafiri."

"Umekuja kupima kitanda," Lugendo akanong'ona, "ujue kama kitapita mlangoni kwako."

"Hicho? Kina kunguni wa Bondeni. Wataniulia wa kwangu."

Lugendo alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kilipotulia akamshika mkono. Hakuwahi kumshika mkono tangu wajuane. "Mtani. Usikubali nikazikwa na yule mtoto wa tai. Nitaona haya huko niendako. Wataniuliza, wewe hukuwa na mtu?"

"Nitakuzika mimi mwenyewe," Bi Sihaba akajibu. "Tena kwa miguu, kama paka afukiavyo uchafu wake."

Akatoka, akazunguka nyuma ya ua, akalia mpaka kanga ikalowa. Kisha akanawa uso na kurudi kwenye kibaraza chake. Fundi Lugendo alifariki kabla wiki haijakwisha.

Marehemu aliacha mtoto mmoja, Mwalimu Stara, mwanamke mkimya aliyefundisha katika shule ya serikali. Stara hakuupenda utani. Tangu utotoni aliona haya baba yake kutukanwa njiani. Asubuhi ya msiba, Bwana Tindwa alimjia na maagizo kutoka juu. Mheshimiwa Makeke mwenyewe atahudhuria, pamoja na mkaguzi wa lile shirika la mji wa baridi, ili aone kwa macho yake jinsi kaya za Shwari zinavyolipia burudani. Mtani Daraja la Pili ameshateuliwa. Kibali cha kuzika kitatoka tiketi zikisha kuuzwa. Na asiye na leseni akifungua mdomo, mfiwa aliyemruhusu atafute kazi nyingine.

Stara alimfuata Bi Sihaba uani. "Bi Sihaba," alisema, macho yake makavu na mekundu, "najua ulivyokuwa na baba. Lakini nakuomba ukae kimya. Nina watoto wawili na mshahara mmoja."

Bi Sihaba alimgeukia. Alitamani kumkumbatia, lakini utani haukumbatii. "Mwanangu, mimi sijakuomba ruhusa, na wewe hukunipa. Ukiulizwa, jibu hivyo hivyo. Ni kweli tupu."

*

Turubai lilikuwa la fahari, lenye bendera ndogo ndogo za taifa. Mkaguzi, mzee mmoja mrefu mwenye kofia ya jua, aliketishwa kando ya Mheshimiwa Makeke. Mheshimiwa alihutubu mpaka maua yakasinyaa.

"Marehemu," alisema, "hakuwa mali ya familia hii ndogo. Alikuwa mali ya taifa! Msiba huu ni wangu. Nasema tena, mbele ya mgeni wetu, mbele ya kamera: mimi ndiye mfiwa mkuu!"

Halafu akainuka kijana wa tai na karatasi yake yenye muhuri. "Marehemu alikuwa na upara," alisoma. "Upara ni hali ya kichwa kukosa nywele. Hata hivyo, marehemu alikuwa kinyozi." Akanyamaza ili watu wacheke. Nzi alisikika akipita. Bwana Tindwa akapuliza filimbi kama ishara, na watu, kwa kuwa walikwisha kulipa, wakapiga makofi. Stara alikaa kiti cha mbele, mgumu kama gogo, hajatoa chozi tangu baba yake akate roho.

Jeneza likabebwa hadi makaburini. Wabebaji walipofika ukingoni wakasimama ghafla. Kaburi lilikuwa na mtu. Bi Sihaba alikuwa amelala chali mle ndani, amevaa joho la kinyozi la Fundi Lugendo, mkononi ana kitana.

"Nani huyo?" Mheshimiwa akauliza.

"Mwenye chumba!" sauti ikajibu kutoka chini. "Hodi haijapigwa, mnaingiza mtu? Chumba hiki nimekipanga mimi. Huyo Mbondeni akalale njiani, ndiko walikozoea kwao!"

Mtu mmoja nyuma akaguna. Mwingine akaziba mdomo kwa kofia.

"Mtoeni!" Mheshimiwa akaamuru. Lakini hakuna aliyesogea, kwani hakuna mtu wa Shwari, awe na bunduki au asiwe nayo, atakayemtoa mtani kaburini kwa nguvu. Mtani hutoka akipewa.

"Sitoki bure," Bi Sihaba akasema. "Mfiwa mkuu yuko wapi? Nimesikia kuna mfiwa mkuu hapa, amejitangaza kwa kipaza sauti. Anipe lile koti lake. Huku chini kuna baridi."

"Atoe! Atoe!" watu wakaanza, kwa upole kwanza, kisha kwa nguvu. Mheshimiwa Makeke akatazama kamera, kamera nazo zikamtazama. Mkaguzi aliinama kumuuliza ni kwa nini mfiwa mkuu hafuati mila. Polepole, kifungo baada ya kifungo, koti likavuliwa, na ndani yake Mheshimiwa akaonekana mdogo sana.

Bi Sihaba alipanda juu, akalivaa koti juu ya joho, akajikunja mgongo, akapiga hatua tatu za kuburuta mguu. Watu wakashtuka. Alikuwa Fundi Lugendo mwenyewe, mwendo wake, bega lake moja juu, hata namna yake ya kupulizia nywele shingoni mwa mteja. Akamzunguka Mheshimiwa, kitana juu.

"Kaa nikunyoe, mteja wangu," alisema kwa sauti ya mikwaruzo ya marehemu. "Kichwa kikubwa hiki, nitahitaji siku nzima." Akakigonga kwa ncha ya kidole, akategesha sikio. "Aa. Mwiteni Sihaba. Mwambieni nimemgundulia shamba la sufi."

Kicheko kilichotoka pale hakikuwa na tiketi. Kilianzia nyuma, kikaja mbele kama mvua inavyokuja juu ya mabati. Wazee walikaa chini. Wabebaji walitua jeneza ili wasiliangushe. Mkaguzi alivua kofia, akajifutia macho. Na katikati ya kelele zile Stara akafungua mdomo, akacheka, na ndani ya kicheko hicho hicho akapasuka kulia, akiita baba, baba, mpaka wanawake wakamzunguka na kumshika. Bi Sihaba alipomwona analia, alisogea kando ya kaburi na kuwapisha wabebaji. Fundi Lugendo akazikwa kama mtu mwenye watu.

*

Sheria ni msumeno, na msumeno wa Shwari unakata palipo laini. Bi Sihaba alishtakiwa kwa kuburudisha umma bila leseni. Hakimu, ambaye naye alikuwa makaburini na mbavu zilikuwa bado zinamuuma, alisoma hukumu akiwa ameuficha uso kwa jalada: jela mwaka mmoja, au faini ambayo mshona mito hawezi kuipata hata akishona mawingu.

Akapelekwa jela. Habari zikaenea. Watu wa Mchicha wakapitisha kofia, mitaa mingine nayo ikapitisha ya kwao. Watu wa Kilimani walichanga kwa sababu ni mtu wao, watu wa Bondeni wakachanga zaidi, wakisema hawawezi kuachwa nyuma na washamba wa Kilimani. Waliokula mara mbili kwa siku walikula mara moja. Mkononi mwa wachangaji wengi zilikuwa fedha za unga. Siku moja sarafu zikafikishwa mahakamani kwa mkokoteni, faini ikalipwa, na bado zikabaki.

Wizara ilipata shida kidogo ya kuziweka fedha hizo mahali pake. Hazikuwa kodi, hazikuwa zawadi. Mwishowe mtu akakumbuka kwamba zimetolewa na kaya kwa sababu ya kicheko, zikaingizwa kwenye burudani. Orodha mpya ilipotoka, Vishindo walidhani ni makosa ya uchapaji: Shwari ilikuwa juu kabisa. Mtukufu Rais alikaa mstari wa mbele mkutanoni, akapewa kikombe chake mwenyewe, chenye chai ndani. Mheshimiwa Makeke akapata nishani na koti jipya.

Siku Bi Sihaba alipotoka jela, alisimama langoni hajui aende upande gani. Kibanda cha kinyozi kilikuwa kimefungwa. Alikuwa akiiogopa asubuhi ile, ya kupita pale na mzigo na kusiwe na wa kumjibu. Ndipo akamwona Mwalimu Stara amesimama ng'ambo ya barabara, vitabu kifuani, kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

"Wewe bibi!" Stara akapaza sauti, sauti ambayo hakuna mwanafunzi wake aliyewahi kuisikia. "Jela imekunenepesha hivyo? Umewaachia wafungwa wenzako chakula, au watu wa Kilimani mmekula mpaka na nondo za dirisha?"

Bi Sihaba akaweka furushi lake chini. Alijaribu kujibu na jibu halikuja. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kushindwa. Alilia pale langoni, mbele ya askari, akasikia raha isiyo na kifani.

Wiki moja baada ya orodha mpya kutoka, Bwana Tindwa alimtembelea kibarazani. Alikaa kwenye kigoda, akakohoa, akavua filimbi na kuitia mfukoni.

"Mama, Wizara inakushukuru. Na inakuomba, kwa heshima zote, uvunje sheria tena mwakani, ili nafasi yetu isishuke. Gharama za kukukamata zimeshatengwa. Tatizo ni moja tu, tunahitaji msiba. Sasa nimeagizwa nikuulize, je, una mtani mwingine wa Bondeni ambaye, Mungu apishe mbali, hali yake si nzuri?"

Bi Sihaba alitunga uzi, akavuta, akakata kwa meno. "Mtukufu Rais ni mtu wa wapi?"

"Mtukufu?" Bwana Tindwa akajiweka sawa kwa fahari. "Bondeni kabisa. Kitovu chake kimezikwa kule."

"Basi ni mtani wangu huyo. Mpelekee salamu zangu. Mwambie tiketi zisimtie wasiwasi, yeye nitamzika bure."

Bwana Tindwa akatazama kulia, akatazama kushoto. Akainuka, akamwomba Bi Sihaba waingie ndani, akafunga mlango na dirisha. Ndipo akacheka.